Mlinzi wa Shimo la Vijinga

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kulinda shimo, na shimo lenyewe halikuwa lake. Jina lake Mbwilo. Shimo lilikuwa la mji mzima, mji wa milimani kwenye baridi ya kukata mifupa, ambako watu wote walipata moto wao kutoka tanuri moja kubwa. Wenye tanuri walichoma magogo ya miti migumu. Gogo likishaungua ncha na kuanza kutoa moshi, walilichomoa kwa koleo na kwenda kulitupa shimoni, nyuma ya kilima, kwa sababu moshi uliwawasha macho na msitu ulikuwa bado mkubwa. Kijinga hicho, gogo lililoungua ncha tu, kilitupwa hakijatoa hata robo ya moto wake. Nani alijali?

Vijinga vikafukuta humo chini. Siku moja mwanamke aliyefuata majivu ya kutia shambani alikanyaga juu, majivu yakabonyea, akaungua hata akafa. Mji ukaingiwa na hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Wakubwa wakasema awekwe mlinzi. Wakamchagua Mbwilo kwa kuwa alikuwa mgane asiye na mtoto, na mtu wa namna hiyo, walionelea, akipatwa na lolote hakuna wa kumlilia.

Akajengewa kibanda kando ya shimo. Chakula chake kiliwekwa juu ya jiwe, na aliyekileta aliondoka kabla Mbwilo hajafika. Aliposhuka msibani akinuka moshi, watu walisogeza mikeka. Mama mmoja, Yusta, alimvuta mwanawe asimguse. Mbwilo aliona, akageuka na kujifuta jicho kama aliyeingiwa na vumbi. Waliogopa shimo, kisha wakamwogopa na yule anayewakinga nalo. Upweke ulimla mtu huyu. Ilifika mahali akawa analiamkia lile jiwe la chakula, kisha anajiitikia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuvitenganisha vijinga na kuvifukia kimoja kimoja. Ndipo akaona kwamba kila kimoja kikiwa peke yake hufuka tu na kugeuka cheusi, lakini viwili vikigusana vichwa, mwali hurudi. Kinga na kinga, yaani kijinga na kijinga, ndipo moto uwakapo. Methali hiyo aliijua tangu utoto, ila sasa ilimchoma moyo. Akajenga jiko la mawe lenye kuta nene na bomba la udongo la kupandisha moshi. Aliungua mkono wa kushoto akijifunza. Alipikia jiko hilo kipupwe kizima, kisha akashuka kuwaeleza watu. Walimsikiliza kwa mbali, wakamwambia arudi akalinde.

Msitu ukaisha. Ukaja mwaka wa sakitu, baridi ya kugandisha umande, tanuri likazimika, na watoto wakaanza kufa kwa baridi. Asubuhi moja Yusta alipanda kilima na kigae cha chungu mkononi. Mwanawe alikuwa amelala nyumbani, midomo imemgeuka rangi. Akakiweka kigae juu ya jiwe, akaomba makaa ya kumpasha mwanawe joto, akarudi nyuma. Mbwilo akakijaza makaa mazuri yasiyo na moshi. Hakuwa amesimama karibu na mtu kwa muda mrefu. Akasema, “Mama, najua anayepalia moto, anayekuja kuchukua makaa, hakai. Lakini mtoto akishapata joto, rudi ukae.”

Yusta aliitikia kwa kichwa, akakimbia. Mtoto akapona.

Kesho yake mji wote ulipanda na vigae. Mbwilo akawafundisha kujenga kuta nene, kushika kijinga kwa koleo, kutomwacha mtoto acheze karibu. Shimo likaanza kupungua. Wakaacha kuliita jaa, wakaliita ghala. Mbwilo alikaa mlangoni pake akitazama moshi mwembamba ukipanda kutoka kila nyumba. Alikuwa amechonga kigoda cha pili, na kila asubuhi alikifuta vumbi. Chakula bado kiliwekwa juu ya jiwe, siku hizi kingi zaidi, na aliyekileta bado aliondoka kabla Mbwilo hajafika.

Nchi zenye umeme wa nyuklia nazo zina shimo lao. Mabaki ya mitambo yao hutolewa yangali na nguvu nyingi ndani, yakahifadhiwa mbali, akawekwa mtu kuyalinda. Wapo wanaojifunza kuyarudisha jikoni, na Mungu awape mikono yenye uangalifu, kwa maana moto ule hauna mzaha. Lakini leo sikuja kuwauliza habari za moto. Moto mmeshaujulia thamani yake.

Mbwilo amekifuta kile kigoda asubuhi hii pia: ninyi mliopalia moto wake, nani atapanda kwenda kukikalia?