Wimbo Mmoja wa Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana simu za kupangusa zilikuwepo, palikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu huko Muheza, Sikudhani. Mama yake, Rukia, alikuwa Muscat akifanya kazi za ndani. Alipoondoka aliacha doti ya kanga ya korosho nyekundu: kipande kimoja cha bintiye, kimoja cha bibi, Bi Mize.

Sikudhani alipenda kuimba. Bi Mize hakutaka. "Nyumba hii haina mwimbaji," alisema, na neno likaisha.

Basi Zamda, shoga yake, akamfungulia ukurasa mtandaoni. Akamwita Lulu, akamwandikia miaka ishirini. Lulu akajitanda kanga hadi puani, yakabaki macho, akaimba. Watu wakapenda! Mwanamke mmoja asiyemjua, Waridi, akawa anamwandikia kila jioni: "Imba tena, mwanangu." Sikudhani akamweleza asiyomweleza mtu: kwamba amemkumbuka mama mpaka anainusa kanga, na harufu yake imeshakwisha.

Kisha akajitokeza mwanamume mmoja, naye akamwandikia: "Lulu, nina studio. Jumamosi njoo stendi, usimwambie mtu. Vaa kanga yako nikutambue."

Sikudhani alimwambia Waridi siku, hakumwambia mahali. Zamda alijua mahali, lakini alikuwa amekula yamini kwamba hatasema.

Kumbe Waridi ni Rukia! Aliitambua kanga yake tangu wimbo wa kwanza, akajificha, akihofu bintiye akimjua atanyamaza. Akampigia Bi Mize: "Mama, mfungie mtoto mlango!" Bi Mize akafunga, kisha akambana Zamda. Zamda akalia, akavunja kiapo: "Stendi, saa nne. Atamtambua kwa kanga." Bi Mize akajitanda kipande chake hadi puani, akaenda. Mwanamume akamshika mkono: "Lulu, gari lile pale." Bi Mize akafunua uso na kupiga yowe. Wapiga debe wakamdaka yule bwana kabla hajalifikia gari.

Ukurasa ukafungwa. Rukia akaja likizo. Sikudhani akawaketisha wote watatu mkekani. "Nimebakiwa na wimbo mmoja," alisema. "Nitamwimbia mtu mmoja, anayeustahili."

Zamda akasema, "Nilivunja kiapo nikijua utanichukia. Bila mimi yule bwana wangemkamata wapi?"

Bi Mize akasema, "Mkono alioushika ni huu, mjukuu wangu. Ungekuwa wako."

Rukia akasema, "Nilikusikiliza wakati nyumba nzima imekunyamazisha."

Sikudhani akafuta machozi. "Zamda, miaka ishirini uliiandika wewe. Bibi, ungeniacha niimbe uani, ningejificha? Na wewe mama, miezi saba nakulilia wewe, nawe unanisoma, unajiita Waridi!"

Akajitanda kanga, uso wazi safari hii, akafungua kinywa.

Haya, mliokaa hapa, msinitazame mimi. Mimi nimeshindwa kuamua tangu siku niliyoisikia. Je, wimbo ule ulikuwa haki ya nani?