Cheche Zilizowahi Mlimani

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi bali za juzi tu, zahanati ya Igongwe ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Siku moja lilimbeba Mwalimu Mbuke kwenda hospitali, aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Mbuke alifundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi.

Asubuhi yake dereva Ngassa alikuwa ameiosha injini kwa mpira wa maji, eti ing'ae mbele ya mgeni kutoka wilayani. Maji yakaingia kwenye sensa, ile inayoliambia kontrol boksi, kisanduku cha umeme kinachoamua lini cheche ziwashe mafuta, injini imefika wapi katika mzunguko wake. Boksi likikosa habari za uhakika huchelewesha cheche, ili gari litembee japo kwa kujikokota. Gari likawa zito. Ngassa akalipeleka kwa Lutonja, fundi wa zahanati, habari ya maji akaimeza.

Lutonja, mtu wa kutegemea sikio, akasema, "Cheche zinachelewa." Hakupima, hakuuliza. Akazungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche, ili ziwahi, injini ikachangamka, akapangusa mikono.

Njiani joto likakausha sensa. Boksi likapata habari zake, likawahisha cheche kama kawaida, juu ya pale Lutonja alipokwisha kuziwahisha. Kufika mlimani injini ikaanza kugonga. Mbuke akaisikia, pamoja na uchungu wote ule.

"Kaka Ngassa, cheche zinawahi mno. Simama, urudishe distribyuta nyuma."

Muuguzi Holo, aliyekaa naye nyuma, akamkata kauli. "Mwalimu, hapa si darasani. Wewe pumua. Ngassa, kanyaga mafuta."

Ngassa akakanyaga. Injini ikagonga, ikagonga, ikazima. Mbuke akajifungulia kando ya barabara, wachunga ng'ombe wakitazama. Hata ninaposimulia damu inanichemka: mwenye dawa alikuwamo garini, akaambiwa anyamaze.

Mtoto alitoka kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Holo akaifungua kwa vidole vyake, mtoto akalia.

Baraza la kijiji likaamua: kati ya dereva, fundi na muuguzi, mmoja aondoke zahanati, na Mbuke ndiye amtaje.

Ngassa akasema, "Maji yangu yalikauka yenyewe. Gari lilizimwa na mkono wa fundi."

Lutonja akasema, "Ningeambiwa habari ya maji, nisingegusa kitu."

Holo akasema, "Mimi sijui cheche. Najua kuzalisha, na mtoto anapumua."

Kisha Ngassa akaongeza, "Au tuseme tu boksi ni bovu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Hapo Mbuke akawaka. "Boksi ndilo pekee lililofanya kazi yake. Likikosa habari, linajihadhari. Likizipata, linazifuata. Wewe ulificha, wewe ukabahatisha, na wewe, dada yangu, uliambiwa ukakataa kusikia."

Akanyoosha kidole amtaje mmoja. Mtoto akajinyonganyonga mapajani pake, naye Mbuke akaitazama mikono ya Holo. Kidole kikabaki hewani.

Mimi nimeshindwa kumsaidia. Nyinyi mliosikiliza, semeni: katika hao watatu, je, nani alistahili kuondoka?