Nyumba ya Mama Mkwe

Walipotengana, Shekue mwenye mabasi alimwapia mkewe Mwatumu kwamba hatapata hata tofali moja la nyumba waliyoijenga pamoja. Mwatumu akajiandaa kwa usuluhishi kwa namna yake. Alikwenda kwa kinyozi wa Shekue, mtu mwenye domo, akamlilia kwamba nyumba ile ikiandikwa jina la mama mkwe, yeye hana lake tena.

Siku ya kikao Shekue aliingia akitabasamu, hati mkononi.

"Mimi fukara, mheshimiwa. Nyumba ni ya mama, nimeshamwandikisha kwa wakili."

"Una hakika?" msuluhishi aliuliza.

"Kabisa. Sina hata msumari."

"Basi sina dai," Mwatumu alisema kwa unyonge. "Andikeni, atie saini."

Shekue alisaini kwa furaha hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Jioni alipofika nyumbani alikuta masanduku yake barazani. Ndani, mama yake alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, Mwatumu akimkanda magoti.

"Mama, huyu anafanya nini humu?"

"Ananikanda, kama alivyonikanda kila siku kule kwangu. Wewe hata salamu ulinipa siku ya kuniletea hati tu. Nyumba yangu hii, mwanangu, na wa kukaa naye namchagua mwenyewe."