Dawa ya Goti Hupita Tumboni

"Dawa ya goti hupita tumboni." Shangazi Hiyari aliyasema maneno haya asubuhi moja, alipomwona Sada, binti wa kaka yake, akimeza vidonge vya kichwa kwa maji matupu, na chai bado iko jikoni. Sada na nduguye Kibwana walicheka, wakauliza methali gani hiyo na imetoka wapi. Shangazi hakucheka. Alivuta kibao akakaa, akawaambia kwamba chimbuko lake ni Ujiji, katika nyumba ya Bi Zuwena, mwanamke aliyeolewa na mtu mbishi. Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Mzee Mrisho, mume wa Bi Zuwena, alikuwa fundi seremala tangu ujana wake, na kupiga randa miaka yote ile kulimharibia goti la kulia. Siku za kawaida alichechemea tu, akanung'unika, mambo yakaisha. Taabu ilikuwa Ramadhani. Mzee Mrisho alikuwa na mahali pake msikitini, safu ya kwanza, bega kwa bega na rafiki yake Athumani Songoro, na hapo husimama tarawehe zote mpaka mwisho. Nyuma ya safu viti viliwekwa kwa ajili ya wenye udhuru. Imamu alishasema mara nyingi kwamba asiyeweza kusimama na akae, dini haina ugumu huo. Bi Zuwena naye alisema mpaka mate yakamkauka.

"Viti ni vya wazee," alijibu Mzee Mrisho, na mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi.

Basi akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu, akavitia kwenye kopo la majani ya chai. Adhana ya magharibi ikilia, anavimeza kwa tende moja na maji, ili viwahi kufanya kazi kabla ya tarawehe. Bi Zuwena alikuwa ameshinda jikoni akipika uji, mihogo na maharage, na mwanamume huyo anainuka mkekani kabla hajala cha maana. Daku nalo analichelewa, akiamka amebakiwa na nafasi ya kumeza vidonge tu. Kutwa nzima vidonge vinalala na tumbo tupu.

"Baba Tatu, kula kwanza," Bi Zuwena alimsihi.

"Mimi naumwa goti, mke wangu. Tumbo langu halina neno. Kwa nini unaliingiza tumbo katika habari za goti?"

Haikuchukua muda, kiungulia kikamwanza. Mtu mwingine angejiuliza kimetoka wapi. Mzee Mrisho alirudi duka la dawa akanunua vidonge vyeupe vya kutafuna. Vile vya kutafuna vikamfunga choo, akachemsha sanamaki, akainywa kikombe kizima kama chai. Sanamaki ikamfungua hata akakosa raha ya kukaa, akanunua vidonge vya kuzuia kuhara. Na kwa kuwa tumbo lilikuwa bado linasokota, akatafuta kabatini zile kapsuli za rangi mbili zilizobaki tangu mjukuu alipougua kikohozi, akameza na hizo. Kila kidonge kilikuja kumfukuza mwenzake, na vya goti havikuacha kuingia. Bi Zuwena alilificha kopo chini ya mtungi, mumewe akalipata. Alilificha kwenye gunia la mkaa, akalipata. Kurandaranda kulitafuta kopo, goti halikumuuma hata kidogo.

Bi Zuwena alichoka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na woga, maana alimwona mumewe anapauka na nguo zinampwaya. Usiku wa tarawehe alikaa kwenye safu za wanawake akisikiliza upande wa pili, asije akasikia kishindo cha mtu kuanguka.

Kishindo kilikuja alasiri, uani, Mzee Mrisho akiwa anatia udhu. Bi Zuwena alimkuta kaegemea ukuta, jasho jembamba linamtoka, ametapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Alipiga ukelele, majirani wakaja, wakambeba mpaka kituo cha afya. Bi Zuwena alifuata nyuma, na kopo kalishika mkononi.

Tabibu alimpima, akamuuliza kama choo chake kilikuwa cheusi. Mzee alikubali kwa kichwa.

"Umekuwa ukitumia dawa gani, mzee wangu?"

"Za goti tu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumbo sijalifanya lolote."

Hapo Bi Zuwena akashindwa kujizuia. Alilibwaga kopo mezani, vidonge vikatawanyika.

"Hujalifanya lolote? Hizi dawa ulizipaka gotini? Ulizifunga kwa kitambaa? Si ulizimeza, Mrisho! Kutoka kinywani mpaka gotini zilipita wapi, barabarani?"

Alilitaja jina la mumewe wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, kisha akalia. Mzee Mrisho alimtazama mkewe, kisha akavitazama vidonge. Tabibu akasema taratibu kwamba mama kashamaliza kila kitu: dawa ya goti hupita tumboni, na tumbo likikutwa tupu kila siku huchubuka, likatoka damu. Alimwandikia rufaa ya hospitali, na huko akaongezwa damu. Siku zile Bi Zuwena hakujua kama atarudi Ujiji na mume au na maiti.

Alirudi na mume. Kufunga alikatazwa, vidonge alikatazwa, akawa analishwa uji kama mtoto. Athumani Songoro alikuja kumjulia hali, akakaa ukingoni mwa kitanda huku kashika kiuno. Aliposikia habari yote alitikisa kichwa.

"Ungekaa kwenye kiti, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe ukae, ndipo na mimi nikae."

"Nini?" alisema Mzee Mrisho. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe!"

Bi Zuwena, aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji, alimtazama huyu, akamtazama yule. Angemmwagia nani uji ule, hakujua.

"Na wewe Songoro," aliuliza, "umekuwa ukimeza nini?"

"Ah, kidogo tu, shemeji. Mimi si goti, mimi ni mgongo."

Bi Zuwena alifungua kinywa, lakini mumewe alimtangulia. Alijiinua kwa kiwiko, akamshika Songoro mkono, akauminya.

"Athumani, nisikilize mimi niliyetapika damu. Dawa ya goti hupita tumboni."

Songoro akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa pakiti ya vidonge, akamkabidhi Bi Zuwena. Tarawehe iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwenye viti vya nyuma. Watu walipomshangaa na kumuuliza kulikoni, aliwajibu kwa maneno yale yale ya rafiki yake, na mji mzima ukayachukua: dawa ya goti hupita tumboni.