Hotuba Zilizojaza Seva ya Sultani Badi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana umeme ulikuwapo na mitandao ilikuwapo, palikuwa na Sultani aitwaye Badi, mtu wa kujipenda kupita kiasi. Rekodi zote za mji wake, za vizazi, viwanja na ndoa, zilikaa katika seva ya kukodi, mashine isiyoshikika kwa mkono, iliyo ndani ya mashine kubwa ya watu wa mbali. Basi seva ile ikazeeka, ikawa mtu akiomba hati ya kiwanja chake analetewa cheti cha ndoa ya jirani.

Sultani akamwita Mcha, fundi fukara wa simu mbovu, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa alifanya lile lile aliloambiwa, hapunguzi wala haongezi.

"Ewe fundi, nataka mfumo mpya, papo hapo ulipo ule wa zamani. Seva nyingine sikodi."

Mcha akaifungua seva, akaguna. "Maulana, diski imejaa pomoni. Mfumo mpya lazima ukae kwanza kando ya ule wa zamani, ndipo uchukue mahali pake. Nao hauna pa kukaa."

"Imejaa nini?"

"Hotuba zako, Maulana. Sauti mia tatu na kumi na mbili."

"Lulu hizo!" akadakia Waziri Nasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kulia kila Sultani ahutubiapo.

"Diski siongezi," akasema Sultani. "Rekodi za mji zisiguswe. Na katika hotuba zangu lisipotee neno hata moja. Ijumaa nitakagua mwenyewe. Likikosekana neno, utaoza gerezani, na mkeo aolewe na mwingine."

Lo! Mtu umejaza nyumba kwa makelele yako, kisha unamdai mwenzio nafasi! Mcha akarudi kwake, akamsimulia mkewe, Bi Mize, wakalia wote wawili.

"Basi zisikilize, mume wangu," akasema Bi Mize. "Ujue japo unafungwa kwa maneno gani."

Ikawa Mcha akazisikiliza siku tatu, masikio yakimuuma.

Ijumaa baraza likafurika. Mfumo mpya ukafunguka, kila mtu akapata hati yake mwenyewe. Sultani hata hakutazama.

"Hotuba zangu! Niwekee ya mwaka wa ukame."

Mcha akabonyeza. Sauti ikatanda: "Enyi watu wangu, nimewalisha, nimewavika, na mwaka ujao mtaona makubwa..." Ikaendelea hadi mwisho, Waziri akilia mpaka kamasi.

"Ndiyo hiyo! Naikumbuka, jua lilikuwa kali. Niwekee ya harusi ya binti yangu."

Mcha akabonyeza. Waziri akalia upya.

"Ndiyo yenyewe! Hapo palipigwa vigelegele. Na ya maziko ya kadhi?"

Nayo ikasikika, na Sultani akajipangusa chozi. "Halijapotea neno. Sasa niambie, fundi, nafasi umeitoa wapi?"

"Maulana, uliniamuru lisipotee neno, hukuniambia lirudiwe mara ngapi. Nimezisikiliza zote. Ni hotuba moja. Nimeibakiza hiyo moja, mia tatu na kumi na moja nimezifuta, na kila jina sasa lafungua ile ile. Nawe umeikagua mara tatu mbele ya watu hawa, ukaikubali."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na baraza zima likamfuata. Waziri Nasibu akabaki na leso mkononi, hajui alie au acheke.

"Mfungeni!" akapiga kelele Sultani.

Karani akafungua daftari la gereza, akashika kalamu. "Kosa niandike lipi, Maulana? Sheria yataka litajwe, kisha lisomwe sokoni."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama chini.

"Andika," akasema mwishowe, "andika kwamba kazi imekamilika, na fundi aende kwa mkewe."

Karani akaandika, mabega yakimtikisika.