Mfupa wa Mwalimu Fisi

Paukwa!

"Pakawa!"

Masikio yapo?

"Yapo!"

Na shingo?

"Shingo zipo!"

Zishikeni sana, maana hadithi hii inapenda shingo.

Hapo kale Fisi alifungua shule ya Kiingereza chini ya mwamba. Kiingereza chenyewe alikiokota jalalani, kambini kwa wageni, pamoja na mifupa. Lakini kila mzazi alitaka mwanawe azungumze Kiingereza, basi shule ikajaa.

Sheria ya Fisi ilikuwa hii. Ukikosea Kiingereza, unavishwa mfupa shingoni. Ukiponyokwa na lugha ya nyumbani, unavishwa mfupa shingoni. Unainamisha kichwa, unasema, "Asante kwa kunisahihisha." Kisha unasubiri mwenzako akosee, umvishe yeye. Kengele ya jioni ikikukuta nao, wenzako wanakufunga kamba miguu yote minne, wanakuacha na Mwalimu kwa masahihisho. Wanaondoka bila kugeuka nyuma.

Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwenye masahihisho. Digidigi alifungwa jana, na Pimbi mwenyewe ndiye aliyekaza fundo.

Leo Pimbi alikosea salamu tu. Mfupa huo, shingoni! Mpaka adhuhuri hakuna mwingine aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo. Moyo wa Pimbi ulipiga ndu, ndu, ndu. Fisi alikuwa akimtazama tumbo, si uso.

Pimbi akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "nyuma ya kichuguu kuna nyati. Amekufa. Amenona."

Alikosea mara tatu hapo, na Fisi hakusikia hata kosa moja. Mate yalimchuruzika, akasahau darasa, akapaza sauti kwa lugha ya mama yake: "Uuu-wiii! Nyama, jamani!"

Darasa zima likamgeukia.

Pimbi akauvua mfupa. "Mwalimu, umeteleza."

"Mimi? Mimi ndiye mwalimu!"

"Kweli, Mwalimu. Basi sheria ndiyo iliyokosea? Tuisahihishe?"

Fisi akawaza: sheria ikivunjika, nitakula nini kesho? Jioni bado mbali, sitakosa mmoja wa kukosea nimvishe. Na nyati amekufa, haendi popote. Akainamisha kichwa, akavishwa. "Asante kwa kunisahihisha," akasema huku akicheka, kwi kwi kwi.

Akamuuliza Swala swali. Swala, kimya. Akamuuliza Ngiri. Ngiri, kimya. Akamuuliza Kanga, yule Kanga mwenye maneno mengi. Kanga, kimya.

Fisi akaacha kucheka. Akamkanyaga Pimbi mguu, akakandamiza, apate walau "mama!" moja. Pimbi akauma mdomo mpaka akaonja damu. Kimya.

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya jioni.

Wanyama wakatazamana. Walimwogopa Fisi, lakini sheria waliiogopa zaidi. Ngiri akaleta kamba.

"Subirini! Jamani, ni mimi! Mimi mwalimu wenu!" Fisi alilia kwa lugha ya nyumbani, tena bila kosa hata moja.

Pimbi ndiye aliyekaza fundo. Alikaza huku analia, maana mikono yake bado ilikuwa inaikumbuka miguu ya Digidigi. Kisha wote wakaondoka bila kugeuka nyuma, kama walivyofundishwa.

Asubuhi walikuta kamba imetafunwa, mwalimu hayupo, na mfupa haupo. Tangu siku hiyo Fisi hutembea kichwa kimeinama, na akilia, sauti humpanda mwishoni, uuu-wiii? Anauliza kama amepatia. Hakuna anayemjibu.

Basi wanangu, funzo ni hili: msiseme uongo hata siku moja, na mwalimu wenu msimkosoe kamwe. Ukisahihishwa, inamisha kichwa useme asante.

Hadithi nimeirudisha nilikoitoa. Shingo zipo?

"Zipo!"

Zote?

"Zote!"

Haya, hesabuni tena.