Pimbi na Insha za Wakubwa

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakivaa sare na kupanga mstari asubuhi, palikuwa na binti wa darasa la tano aitwaye Pimbi. Mwili mdogo kama kibuyu cha mtindi, lakini akili, wee! Acha tu.

Nyie mnaonuna mkitumwa chumvi dukani, sikilizeni siku ya Pimbi. Jogoo hajawika, yeye yuko kisimani. Akirudi anafagia uwanja, fya! fya! fya! Anawaogesha wadogo zake wanne, anawapikia uji, ndipo anakimbia shule. Jioni anachagua maharage, anakoka moto, anafua sare. Mama yake alishinda shambani, na mgongo ulikuwa ukimsumbua. Kazi za shule Pimbi alizifanyia jikoni, daftari gotini, mwiko mkononi.

Mwaka uliopita alifeli, akakariri darasa. Mama akamwambia waziwazi, "Mwanangu, ukifeli tena utabaki nyumbani unisaidie kulea. Sipendi, lakini nitafanyaje?"

Pimbi alilia siku hiyo mpaka macho yakavimba. Shule aliipenda mno.

Na kama hayo hayatoshi, darasani walikuwamo Nyati na Kiboko. Miili mikubwa, uvivu mkubwa zaidi! Kila mwalimu akitoa kazi, walimtupia Pimbi madaftari yao, puu! Wakaenda zao kucheza mpira. Aliwaandikia mwaka mzima, hata miandiko yao akaijua kuliko wenyewe.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani, Mwalimu Korongo akatangaza insha: "Kazi Ninazofanya Nyumbani."

"Ijumaa wazazi wanakuja," alisema. "Insha mbili zilizo bora nitazisoma mbele yao. Na nikigundua mtu kaandikiwa, atarudi darasa la kwanza akakae na watoto wa panya!"

Kengele ya kutoka ilipolia, Pimbi akasikia sauti nyuma yake.

"We Pimbi!"

"Abee."

"Andika yangu," akasema Nyati. "Ukikataa, nakupiga pembe."

"Na yangu," akadakia Kiboko. "Ukikataa, nakukalia."

Pimbi akayatazama makalio ya Kiboko, akameza mate. Lakini moyoni hasira zilimpanda. Wiki mbili tu, na hesabu hajazigusa!

"Kaka zangu," akauliza kwa adabu, "kwani nyumbani mnafanya kazi gani?"

Wakatazamana.

"Mimi nakula," alisema Kiboko.

"Mimi huwa nafunga mlango," alisema Nyati. "Upepo ukizidi."

"Niandike hayo?"

"Mjinga nini wewe!" akafoka Nyati. "Andika kazi za maana, zisomwe mbele za watu. Nataka mama alie kwa furaha!"

Pimbi akatabasamu.

"Mama atalia, kaka. Niachieni mimi."

Basi akaikata siku yake vipande viwili. Asubuhi akampa Kiboko: kisima, ufagio, wadogo, uji. Jioni akampa Nyati: maharage, moto, sare. Hakuongeza uongo hata chembe. Aliandika namna ya kusugua kola, na namna ya kuvizia mawe madogo kwenye maharage. Yake mwenyewe akaandika mistari minane tu, juu ya kumkanda mama mgongo.

Kulipokucha akawapa insha zao. "Mtazisoma kwanza?"

"Tusome za nini?" akacheka Kiboko. "Si umeshaandika?"

Ijumaa ikafika, wazazi wakajaa darasani. Mwalimu Korongo akasafisha koo, khm! khm!

"Insha ya kwanza ni ya Kiboko. 'Kabla jogoo hajawika nimeshachota ndoo sita...'"

Baba Kiboko akaruka kitini. "Ndoo sita? Nani?"

"'...Kisha nawaogesha wadogo zangu, nawapikia uji...'"

"Mwalimu," akasema Baba Kiboko, "huyo anayetajwa humo mimi simjui. Huyu wangu akiamka anauliza chai iko wapi!"

Darasa zima kwa! kwa! kwa! Ikafuata ya Nyati. Mama Nyati akasikiliza habari za kola na maharage, machozi yakamlengalenga kweli.

"Nyati, mwanangu! Yote haya unayajua, na mimi nakufulia mpaka soksi?"

Nyati akasimama jasho likimtoka. "Mama, hiyo si..."

"Si nini?" akauliza Mwalimu Korongo, shingo imenyooka. "Hukuandika wewe?"

Nyati akatazama dirishani. Darasa la kwanza, watoto wa panya walikuwa wakiimba a, e, i, o, u. Akamtazama Pimbi. Pimbi alikuwa anachonga penseli yake.

"Nimeandika mimi, mwalimu."

"Na mimi yangu," akanong'ona Kiboko.

"Vizuri sana!" Mama Nyati akafuta machozi. "Anayeweza kuieleza kazi namna hii hahitaji kufundishwa. Unaanza leo."

"Na wewe kesho alfajiri," Baba Kiboko akamwambia mwanawe. "Ndoo sita. Nitazihesabu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtupia Pimbi daftari. Wangempata wapi, na kengele ikilia tu wazazi wanawasubiri? Pimbi akapata jioni zake, akazikomalia hesabu mwiko ukiwa bado mkononi, maana kazi za nyumbani hazikupungua. Mtihani ukaja, akafaulu, akapanda darasa la sita. Mama alicheza uwanjani, na mgongo ule ule!

Siku moja Nyati akamvizia njiani, mikono imechubuka kwa sabuni.

"Pimbi, nakuomba dada yangu. Niandikie insha nyingine. Andika kwamba naumwa."

"Andika mwenyewe, kaka. Nikiandika mimi, mama yako ataamini, nawe utarudi kwenye uvivu wako."

Nyati akainamisha pembe, akapiga kwato chini, tifu! Mara sauti ikasikika kutoka ng'ambo ya njia:

"Nyatiii! Maharage!"

"Naam, mama!" Akatimua mbio.

Hadithi imeishia hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: anayemwachia mwenzake kalamu asilalamikie kilichoandikwa.